Saa za Kabla ya Ndege

Anayesafiri kwa barabara kutoka Dodoma kwenda Iringa hukutana na Bwawa la Mtera karibu nusu ya safari, na mara nyingi huanza kuona samaki kabla ya maji: perege waliokaangwa wakapangwa kwenye sinia, kambale waliobanikwa kwa moshi, wabichi ndani ya ndoo iliyofunikwa gunia bichi. Bwawa lilijengwa ili kuweka akiba ya maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu, kisha mwaka 1988 likapata mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Samaki walikuja kama nyongeza. Sasa kwa kuwa makao makuu ya nchi yamepewa uwanja wa Msalato, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa Oktoba 2022 na njia yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.6, ni rahisi mtu kuuliza kwa nini perege wa Mtera asivuliwe leo akaliwa Dubai kesho. Jibu langu ni kwamba katika safari hiyo ndege ndiyo kipande chepesi kuliko vyote. Chakula kibichi kinachosafirishwa kwa ndege huokoka au huharibika katika saa za kabla ya uwanja, na pasipokuwa na barafu mwaloni, uwanja mpya hauongezi hata siku moja ya uhai wa samaki.

Tuanze na samaki mwenyewe. Perege akizikwa kwenye barafu mara tu anapotolewa wavuni hukaa wiki mbili na zaidi akiwa bado anauzika. Samaki wa mito na maziwa ya nchi za joto huvumilia barafu kuliko wale wa bahari za baridi, maana vijidudu vilivyo kwenye ngozi na matumbo yao vimezoea joto, na nyuzi sifuri huvikata makali. Lakini muda huo haumsubiri mtu. Wataalamu wa samaki hupiga hesabu kwamba kwenye nyuzi 10 uharibifu huenda kasi mara nne ya kwenye nyuzi sifuri. Na Mtera, iliyo chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, nyuzi 10 ni baridi ya kuota ndotoni. Samaki aliyenaswa usiku, akafikishwa nchi kavu alfajiri, akakaa juu ya turubai hadi saa nne akingoja mnunuzi, ameshatumia sehemu kubwa ya siku zake kabla gari halijawashwa kwenda Dodoma. Baridi inayokuja baadaye humzuia asiendelee kuharibika. Haimrudishi alikotoka. Ndege ya saa chache kwenda Ghuba humbeba alivyo, na tatizo litajulikana kwa mteja.

Nauli nayo ina mambo yake. Ndege hutoza kwa kilo, ila mzigo mwepesi unaokula nafasi hutozwa kwa ukubwa: kila mita moja ya ujazo huhesabiwa kuwa kilo 167 hata kama haizifikii. Samaki ni mzito, kwa hiyo hulipiwa uzito wake halisi, na hapo barafu inageuka adui, kwa sababu kilo ya barafu hulipa nauli ileile ya kilo ya samaki. Tena barafu ikiyeyuka hutoa maji yenye chumvi na damu yanayokula bodi ya ndege, ndiyo maana mashirika hudai boksi lisilovuja. Wasafirishaji hutumia boksi la foam, mfuko wa plastiki ndani yake, na pakiti za jeli zilizogandishwa. Barafu kavu, ambayo ni kaboni dioksaidi iliyogandishwa hadi nyuzi 78 chini ya sifuri, haiachi maji, lakini hutoa gesi inayoweza kumkosesha hewa kiumbe aliye karibu, kwa hiyo kiasi chake ndani ya ndege kina mipaka. Vifaa vyote hivyo kazi yake ni kulinda baridi ambayo mzigo umekuja nayo. Boksi la foam lililopakiwa samaki wa vuguvugu hulinda uvuguvugu kwa uaminifu uleule. Na hata mzigo uliopoozwa vizuri unaweza kuponzwa na nusu saa ya kuachwa juani pembeni mwa ndege, wakati watu wanabishana juu ya karatasi.

Anayetaka ushahidi atazame Mwanza. Viwanda vya minofu ya sangara vilipopamba moto kuzunguka Ziwa Victoria miaka ya 1990, ndege zilikuwepo, njia ya kurukia ilikuwepo, na wanunuzi wa Ulaya walikuwa wakigombania mzigo. Hata hivyo mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa ukanda huu kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 ukafunga tena mlango kwa sababu ya wavuvi waliokuwa wakitumia sumu ziwani. Hakuna rubani aliyehusika. Kasoro zilikuwa mwaloni: maji ya kuoshea, vyoo, sakafu ya kupokelea samaki, na mkaguzi ambaye sahihi yake ingeaminika ng'ambo. Milango ilifunguliwa baada ya mambo hayo kurekebishwa, wala si baada ya kuleta ndege kubwa zaidi.

Kuna watakaosema nimegeuza mambo: nani ataweka mtambo wa barafu Mtera kama hakuna ndege ya kupokea mzigo? Hoja hii ina nguvu, na kwa miaka mingi maua na mboga za Arusha na Kilimanjaro zimekuwa zikivuka Namanga kwenda kupandia ndege Nairobi kwa sababu huko ndege ni nyingi. Lakini tuulize kwa nini ni nyingi. Sehemu kubwa ya mizigo ya anga duniani, karibu nusu, husafiri kwenye tumbo la ndege za abiria. Watalii na wafanyabiashara wanaotua Nairobi ndio wanaosaidia kulipia safari ya maharage mabichi. Mwaka 2020, ndege za abiria ziliposimama kwa ajili ya korona, nafasi hiyo ilitoweka na nauli zikapanda. Uwanja wenyewe hauzalishi nafasi ya mizigo. Uwanja wa ndege wa Songwe ulifunguliwa mwishoni mwa 2012 huku wengi wakiutazamia kuwa mlango wa mazao ya nyanda za juu kusini, na bado parachichi la Njombe kwa kawaida huenda Ulaya kwa meli, ndani ya kontena la baridi, kwa muda wa wiki kadhaa. Linavumilia baharini, na bei yake haibebi nauli ya angani. Hata mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yaliyozilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hayabadilishi hesabu hiyo.

Kwa kipimo hicho, perege wa Mtera yuko mahali pabaya. China hufuga samaki wa jamii yake kuliko nchi yoyote, na huwauza wakiwa wamegandishwa kwa bei ya meli. Bwawa nalo hupanda na kushuka kwa kufuata mvua na mahitaji ya umeme, wakati shirika la ndege linataka tani zilezile kila wiki. Ndege ya mizigo ya ATCL, Boeing 767-300F iliyopokelewa Juni 2023, hubeba tani 54. Kuijaza kwa samaki wa bwawa linalopwa kila kiangazi ni kujidanganya. Mzigo wa angani wa uwanda huu wa kati, kama upo, ni mbuzi. Wateja wa Ghuba hununua nyama ya mbuzi iliyopoozwa bila kugandishwa, huilipa zaidi kwa sababu hiyo, na Ethiopia na Kenya zimeshaonyesha kuwa mizoga mizima iliyofungwa vitambaa inaweza kuruka kila usiku na ikalipa. Ugogo haujapungukiwa mbuzi. Lakini hapa pia kazi iko machinjioni: maji ya uhakika, chumba cha kupoozea mzoga hadi kwenye mfupa kabla haujapakiwa, cheti cha halali, na daktari wa mifugo anayetambuliwa na nchi inayonunua.

Pingamizi la hewa chafu silipuuzi. Tani moja ya chakula ikienda kwa ndege hutoa kaboni takriban mara 50 ya ile iendayo kwa meli kwa umbali uleule, na hiyo ni sababu nyingine ya kutopandisha ndegeni kinachoweza kwenda kwa maji. Zito kwangu zaidi ni la mlaji wa nyumbani. Mwanza ilishaona minofu ikiruka na wenyeji wakibaki na mapanki, vichwa na mifupa ya sangara, kama kitoweo. Mtera ina bahati ya kuwa na soko linalokua kila mwaka umbali wa saa chache tu, Dodoma, lenye watumishi, wanafunzi na mama lishe, na lami hadi mlangoni. Mtambo wa barafu ukiwekwa mwaloni hauhitaji ndege ili ulipe. Perege anayefika Dodoma akiwa bado mgumu, macho maangavu na matamvua mekundu, huuzwa bei nzuri kuliko aliyelegea, na asiyeuzwa leo bado ana bei kesho.