Darasa la Mianzi
Katika vijiji vya Bangladesh, akina mama maskini waliokuwa wakifundishwa kusoma na shirika la BRAC walitaka kujua nani atawafundisha watoto wao. Basi mwaka 1985 zikafunguliwa shule 22.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu cha kupanga, chenye kuta za mianzi au udongo na paa la bati. Watoto 30 hivi, wengi wao wasichana, waliketi juu ya mikeka. Hawakulipa karo. Saa za masomo zilipangwa pamoja na wazazi, kusudi mtoto aweze kusaidia kazi za nyumbani na mavuno. Tena masomo ya miaka mitano yalimalizika kwa miaka minne. Sisi tunaongoja matofali na saruji kabla ya kufungua darasa, tutazame hayo vizuri!

Mwalimu alikuwa mwanamke wa kijiji kile kile, mara nyingi mwenye mume na watoto. Alifunzwa siku chache, kisha kila mwezi akakutana na wenzake kujifunza tena. Wazazi walimfahamu, hawakuogopa kumwachia binti zao. Lakini tusifiche neno: mshahara wake ulikuwa mdogo, chini kabisa ya ule wa walimu wa serikali. Gharama ya shule ile ilikuwa ndogo kwa kuwa yeye alikubali kupata haba.