Yaya wa Miaka Saba

Huko Kisa, Kakamega, mtoto wa miaka saba alikuwa yaya kamili. Mama akishika jembe, dada au kaka humfunga mdogo mgongoni na siku ikapita. Mchanga akilia, aamue mwenyewe: ampe uji, ambembeleze, au amkimbilie mama shambani? Thomas Weisner, mtaalamu wa Kimarekani, aliyachunguza malezi hayo hapo Kisa katika miaka ya 1970.

Miaka hiyohiyo wasomi wengi walikuwa wakiisifu ngazi ya mwenzake, Lawrence Kohlberg wa Harvard. Tangu tasnifu yake ya 1958, iliyohusu wavulana wa Chicago, Kohlberg aliwatolea watu mkasa: mke yu mahututi, dawa ipo, bei haishikiki, je, mume aibe? Jibu halikumshughulisha sana. Alisikiliza sababu. Mdogo huogopa adhabu. Akikua hupima faida yake. Kisha hutaka aonekane mwema kwa jamaa. Kisha hushika sheria ya nchi. Vidato ni sita, na cha juu ni haki kwa kila binadamu.

Sisi tuliosoma chuoni, ngazi si ngeni kwetu. Kuna mtoto asiyepambanua, kuna mumayyizi, kuna baleghe anayeandikiwa dhambi zake. Na miaka saba ndiyo ya kuamrishwa sala. Hata Kakamega wanaijua hesabu hii, maana Uislamu uliingia Mumias na misafara ya Waswahili karne ya 19. Ila ngazi yetu hutazama mtu anabebeshwa nini; ya Kohlberg hutazama anasema nini.

Basi ngazi ya kusema ikaletwa Kenya. Mwaka 1981 Sara Harkness, Carolyn Edwards na Charles Super walitoa habari za wazee wa Kipsigis, wale wanaoitwa kusuluhisha magomvi. Waliwapita wenzao, lakini vidato vya juu hawakuvifika. Watoto hao, wenye mvi? Edwards mwenyewe alikataa kusema hivyo: vidato vya juu vyafaa mahakama na serikali, watu wasiojuana. Mzee anapatanisha majirani watakaokutana kesho kisimani. Asipouliza nyoyo zao zitatulia vipi, amehukumu nini?

Naye yaya wa Kisa, hakuna aliyemtaka maneno. Alipewa mtu. Tangu 2003 shule za msingi za serikali hazitozi karo, na asubuhi yeye yu darasani, jambo la heri. Mdogo wake humbeba jioni.