Taya la Pitibuli Halina Kufuli

Je, wajua kwamba taya la mbwa aina ya pitibuli halijifungi? Wapo wanaoapa kuwa akishauma, mifupa hushikana hadi apigwe nondo. Si kweli. Taya lake limeumbwa sawasawa na la mbwa koko anayelala kivulini sokoni. Kinachomtofautisha ni namna anavyouma.

Mbwa mwitu anapowinda hupitia hatua kwa mpangilio: hukodolea macho mawindo, hunyata, hufukuza, hukamata, huua, kisha hurarua. Binadamu, kwa kuchagua wazazi wa mbwa wa kufugwa kizazi baada ya kizazi, amezikuza baadhi ya hatua hizo na kuzififisha nyingine. Border Collie, mchunga kondoo wa mpakani mwa Uskoti na Uingereza, hukodoa, hunyata na kukimbiza, lakini kuua kumefifia. Labrador hukamata bata aliyepigwa risasi na kumleta bila kumtoboa. Mababu wa pitibuli, waliozalishwa kwa ajili ya kupambana na mafahali, baadaye wao kwa wao, walikuziwa kung'ang'ania. Mbwa wengi huuma na kuachia, wakaacha matundu ya meno. Pitibuli hushika na kutikisa kichwa, na hapo ngozi, misuli na mishipa huchanika pamoja. Akiwa mkubwa, na aliyeumwa ni mtoto ambaye shingo yake iko usawa wa mdomo wa mbwa, hali huwa mbaya kabisa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema aina ya mbwa haina maana. Lakini inatueleza zaidi ukubwa wa jeraha kuliko nani atauma. Mwaka 2022, watafiti waliochunguza vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000 walikuta kuwa aina hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Uholanzi ilipiga marufuku pitibuli mwaka 1993, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2008 kwa kuwa watu waliendelea kuumwa. Uingereza ilizuia aina nne mwaka 1991. Mwishoni mwa 2023 ikalazimika kuongeza aina ya tano, XL Bully.

Marekani, watafiti walichambua vifo 256 vilivyosababishwa na mbwa kati ya 2000 na 2009. Katika asilimia 84 ya visa mbwa hakuwa amehasiwa. Katika asilimia 76 alikuwa amefugwa mbali na watu.

Hapo ndipo ninapokereka na mageti yetu yenye kibao cha "Mbwa Mkali". Mnyama anashinda kwenye banda la mabati, mnyororo shingoni, jua likimwakia, hamjui mtoto wala jirani, eti ndiyo awe mlinzi mzuri usiku. Siku geti likiachwa wazi wakati wanafunzi wanatoka shule, lawama zote anabebeshwa rotwaila. Huo ni ukatili kwa mbwa na hatari kwa watoto wa mtaa. Mbwa aliyezoeshwa watu tangu akiwa mdogo ana kazi tele: kulinda, kuchunga, kuongoza wasioona, kunusa mabomu, kunusa pembe za ndovu bandarini Mombasa.

Na ukiumwa, hata na kijibwa na hata kama ni mchubuko tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.