Una Sarafu za Zamani? Jua Bei Yake Kabla ya Kutuma Hata Shilingi

Jioni moja jirani yangu hapa Munyaka, Eldoret, alibisha mlango akiwa na mkebe wa majani chai mkono mmoja na simu mkono wa pili. Ndani ya mkebe mlikuwa na sarafu nne za mwaka 1966 zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na shilingi 40 ya mwaka 2003, ile ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Kwa simu kulikuwa na ujumbe: "Hiyo ni seti ya prufu. Tunanunua laki nane. Tuma KSh 3,500 ya usajili leo."

Hiyo 3,500 ilikuwa karo ya mtoto. Alikuwa amebakisha kuweka PIN tu.

"Mwanangu, hii si ni bahati?" akaniuliza.

"Mama, ngoja kwanza tuangalie."

Ni prufu kweli?

Sarafu ya prufu haikutengenezwa ya kununulia sukuma. Hupigwa zaidi ya mara moja kwa chapa zilizong'arishwa, ndiyo maana uso wake hung'aa kama kioo na picha hujitokeza vizuri. Huuzwa kwa seti, ndani ya kasha, mara nyingi pamoja na cheti.

Za Mama zilikuwa na mikwaruzo, na nywele za Mzee zilishalika kwa kupita mikononi. Hizo zilitembea sokoni miaka mingi. Si prufu.

Kama yako ni prufu, pima bei hivi

*Uchache.* Umri pekee hauleti bei. Angalia ni seti ngapi zilitengenezwa mwaka huo na ni wangapi wanazitafuta. Katalogi ya Numista kwenye intaneti itakusaidia kutambua sarafu yako.

*Hali.* Alama ya kidole tu inashusha bei. Usioshe, usisugue kwa jivu wala dawa ya meno. Shika kingo peke yake.

*Ukamilifu.* Kasha la awali, cheti na sarafu zote zikiwepo, bei hupanda. Moja ikikosekana, hiyo si seti tena.

*Madini.* Mwaka 1966 Kenya ilitoa pia sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500. Ile ya 100 ina uzito wa gramu 7.6, na sehemu 917 kwa kila 1,000 ni dhahabu, yaani karibu gramu 7 za dhahabu safi. Zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo, upate kiwango cha kuanzia. Sarafu za kawaida hazina kinga hiyo.

*Bei iliyolipwa.* Kwa eBay mtu yeyote anaweza kuitisha milioni. Hiyo ni ndoto yake, si bei. Chuja uone zilizouzwa tayari, chagua tatu au nne za mwaka na hali kama yako, kisha angalia bei ya katikati. Mfanyabiashara atakupa chini ya hapo, kwa sababu naye lazima apate faida.

Mnunuzi ndiye hutoa pesa

Huyu wa laki nane hakuitisha picha za pande zote mbili, lakini bei alishaijua! Usajili, kodi, ada ya cheti: jina lolote watakaloipa, ukiambiwa utume pesa ndiyo upokee pesa, huo ni wizi.

Ukiuza, kutana na mnunuzi mahali penye watu. Usiachilie sarafu kwa sababu umeonyeshwa SMS. Angalia salio lako mwenyewe. PIN usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu. Na kama umeshatuma, pigia huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, kabla pesa haijatolewa kwa ajenti, kisha upige ripoti polisi.

Nilimwambia Mama ajibu hivi: "Kata hiyo 3,500 kwa laki nane, unitumie inayobaki." Alama mbili za samawati zikatokea. Dakika chache baadaye, akawa amezuiwa.

Mama alicheka, akafunga mkebe. Karo ililipwa Jumatatu.