MSHAURI RIKA HUFUNZWA NINI?

Wenzangu, wengi mwatuuliza ati sisi washauri rika hufunzwa nini.

Kwanza, kunyamaza! Mwenzio akija analia, usimkatize wala usimwambie, "Hata mimi yalinipata." Sikiliza, kisha mrudishie maneno yake kwa ufupi ajue umemwelewa. Uamuzi ni wake.

Pili, siri. Ya chumba cha ushauri hayafiki bwenini. Lakini siri ina mpaka: akisema ataka kujiua, mwambie wazi kwamba hilo huwezi kulificha, mwende pamoja kwa mwalimu mshauri. Rafiki yangu mmoja aliniita msaliti kwa sababu hiyo. Muhula mzima hakunisemesha. Leo yu hai, na ndiye aliyeniruhusu niandike haya.

Kazi hii haitaki shahada. Huko Harare, Zimbabwe, mwaka wa 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza na akina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare. Waliketi benchini na wenye dhiki, wakawasikiliza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa watu waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko wenzao.

Je, nyanya akiweza, sisi tutashindwa? Shime, jiungeni nasi!