USALAMA BARABARANI: MALIZA BREKI KABLA YA KONA



Tangu makazi ya Mantapala yafunguliwe mwaka 2018, pikipiki imekuwa msaada mkubwa kwetu. Inabeba mama mjamzito, inabeba mihogo, inabeba magunia ya chisense kutoka ziwani. Lakini pia inavunja miguu na kupasua vichwa, na mahali pa kuogopa zaidi ni kwenye kona.

Kwa nini kona ni hatari?

Pikipiki inapokata kona, uzito wake bado unataka kwenda mbele moja kwa moja. Kinachoizuia ni sehemu mbili ndogo za matairi zinazogusa ardhi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, matairi yanatakiwa kushika kwa nguvu mara nne. Kwenye lami ya Nchelenge na Kashikishi yanaweza kushika. Kwenye changarawe, mchanga au matope ya mvua yanateleza.

Zambia ni kushoto

Wengi wetu tulijifunza pikipiki Kongo, ambako watu hupita kulia. Hapa sheria ni kushoto, na hatari ya kona imegeuka. Kule, ukizidisha mwendo kwenye kona ya kulia, ulitupwa upande wa wanaokuja. Hapa ni kona ya kushoto inayokutupa mbele ya gari.

Kwenye njia nyembamba za vumbi kila mtu hupita katikati. Mkikutana ghafla, Mzambia anakwepa kushoto kwake. Wewe ukikwepa kulia kwa mazoea ya zamani, mtagongana uso kwa uso. Kwa hiyo shika kushoto kabla ya kona, hata kama huoni mtu, na piga honi.

Namna ya kukata kona

1. Punguza mwendo pikipiki ikiwa bado imesimama wima. Tumia breki zote mbili, polepole.
2. Weka gia ya chini kabla ya kuingia, kisha achia klachi.
3. Geuza kichwa, tazama mwisho wa kona. Ukikodolea macho shimo, utaingia shimoni.
4. Ndani ya kona, shikilia mafuta kidogo bila kubadilisha. Ongeza ukishaona njia imenyooka.
5. Penye changarawe au matope, ingia polepole zaidi na usiilaze pikipiki.

Makosa ya kuepuka

- Kukamata breki ya mbele kwa nguvu katikati ya kona. Gurudumu la mbele likifunga, unaanguka mara moja.
- Kuteremka kona huku umeshika klachi. Injini haikusaidii tena kupunguza mwendo.
- Kupakia abiria wawili, au gunia juu ya abiria. Uzito nyuma hufanya gurudumu la mbele liwe jepesi na lisitii usukani.
- Abiria kuegemea upande wa pili kwa woga. Abiria amshike dereva na alale pamoja naye.
- Kutovaa kofia ngumu, au kuivaa bila kufunga mkanda. Utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi.

Ajali ikitokea

Simamisha wanaopita kwanza, ili ajali ya pili isitokee. Usimwinue majeruhi haraka, wala usivute kofia yake kama anapumua vizuri: shingo inaweza kuwa imevunjika. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye ubao bila kuunyoosha. Usimpe chakula wala maji. Mwite mhudumu wa afya wa eneo lako. Walioumia sana hupelekwa hospitali ya St. Paul's, Kashikishi.

Aliyepoteza fahamu, hata kwa dakika moja, lazima apimwe, hata kama anasema amepona.

Abiria, nawe usinyamaze. Mwambie dereva kabla ya kona: «Ndugu, punguza mwendo, shika kushoto.»