Usubi: Tembe za mara moja haziokoi macho

MGONJWA wa usubi akimeza dawa, na baada ya siku chache mwasho ukatulia, hujiona amepona. Hapo ndipo hatari inapoanza. Ugonjwa huu, uitwao pia upofu wa mtoni, huwa ungali mwilini, na asiporudi hospitalini anaweza kupofuka.

Usubi huletwa na mnyoo unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaana kwenye mito iendayo kasi. Nchini Kenya, nzi hao waliangamizwa kwa dawa ya DDT katika mito ya Nyanza miaka ya 1940 na 1950. Hata hivyo, ugonjwa ungalipo katika sehemu za Tanzania, Kongo na Sudan Kusini. Aliyeishi huko muda mrefu na kuumwa mara nyingi anaweza kurudi nao mjini bila kujua.

Mnyoo wa kike huishi ndani ya vivimbe chini ya ngozi kwa miaka 10 hadi 15, akizaa vijiminyoo visivyohesabika. Hivi husambaa kwenye ngozi, na vingine huingia machoni. Vinapofia humo, jicho huwaka na kuwa jekundu, kisha hubaki na makovu.

Tiba yake
Dawa kuu ni ivermektini. Huua vijiminyoo, lakini mnyoo mzazi haumuui. Humzuia tu kuzaa kwa miezi kadhaa, kisha akaanza tena. Ndiyo sababu dozi hurudiwa kila baada ya miezi 6 au 12, kwa miaka mingi.

Daktari anaweza pia kutoa doksisiklini kwa wiki 6. Hii huua bakteria ambazo mnyoo huzitegemea, naye akawa tasa. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi.

Baada ya kumeza ivermektini, mgonjwa huweza kuwashwa, kuvimba au kupata homa kwa siku chache. Akishindwa kupumua vyema au akizimia, apelekwe hospitalini mara moja. Aliyewahi kuishi kwenye misitu ya Kongo amweleze daktari kabla ya kumeza dawa, kwani huko kuna mnyoo mwingine, loa, unaoweza kuleta madhara makubwa dawa hii ikitumiwa.

Kurudi kliniki
Kila anaporudi, mgonjwa hupimwa uwezo wa kuona, na ndani ya jicho huchunguzwa kwa darubini. Vipande vidogo vya ngozi pia huweza kukatwa ili kuona kama vijiminyoo vimerejea.

Mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo ukishaharibika, hakuna dawa ya kuurudisha. Kwa hivyo usingoje ukungu machoni. Tunza kadi yako, na tarehe ikifika, rudi hata kama hujikuni tena.